Mnadi Aliyetulia

Mteja aliinua gauni la maua, akaligeuza nyuma, akatafuta tundu, hakuliona. Akauliza, "Hili mwisho wake vipi?"

Baragumu akamtajia bei. Basi. Hakuongeza neno.

Dada, aliyekuwa kwenye cherehani nyuma kidogo ya lundo la nguo, aliacha kukanyaga pedali. Akasubiri. Zamani swali kama lile lilikuwa petroli kwenye moto. Baragumu angeruka juu ya kigoda chake, angelipeperusha gauni hewani, angeapa kwamba mwenye gauni hilo wa kwanza alilia siku ya kuachana nalo na machozi yake bado yako kwenye pindo, njoo uyanuse. "Mwisho wake? Mama yangu, gauni hili halina mwisho! Utalivaa wewe, atalivaa binti yako, wakwe zako watapelekana mahakamani kwa ajili yake!" Soko zima lingegeuka kutazama, na mteja angegundua akiwa njiani kurudi nyumbani kwamba amenunua na koti asilolihitaji.

Sasa mteja alilitupa gauni juu ya lundo, akaenda zake. Baragumu akalichukua, akalikunja kingo kwa kingo, akaliweka.

"Siku hizi ana adabu huyu," alisema Mzee wa Mikanda, jirani yao wa kushoto, akiipangusa bizimu ya mkanda kwa mate. "Zamani nilikuwa sisikii hata redio yangu." Akautundika mkanda. "Ila wateja wamepungua. Sijui ni msimu."

"Ni msimu," alisema Dada, akakanyaga pedali.

Haukuwa msimu, na alijua.

Walikuwa ndugu wa tumbo moja na kazi yao ilikuwa moja, imekatwa vipande viwili. Walifungua robota la mitumba pamoja. Dada alibadilisha zipu zilizokufa, akapunguza mapindo, akashona vifungo, akafumua mishono ya miili ya watu asiowajua na kuishona upya kwa miili ya watu wa pale. Mdogo wake wa kike aliuza. Mmoja alikuwa mkono, mwingine alikuwa mdomo. Jina la Baragumu alipewa na soko, na lilimkaa vizuri hata Mama yao akasahau kumwita jina lingine.

Na Baragumu alikuwa na kifafa tangu utotoni.

Kifafa chake kilikuwa na namna ya kubisha hodi. Kabla hajaanguka, neno lilimkwama. Yuko juu ya kigoda ananadi, "Chukua hii, vaa hii, ringa na hii," mara sauti inashika palepale: "Ringa, ringa, ringa, ringa." Sauti ileile, furaha ileile, isipokuwa macho, ambayo yameganda juu ya vichwa vya watu. Wateja walidhani ni mbwembwe. Wengine waliitikia kwa makofi. Dada peke yake ndiye aliyejua, na kabla makofi hayajaisha mguu wake ulikuwa umeshatoka kwenye pedali, amebeba mto, amempokea mdogo wake kwapani kichwa kisigonge saruji. Ndiyo maana wenye vibanda walimwita Kipa.

Kipa mzuri naye hufungwa. Kuna siku alikwenda kununua uzi duka la pili tu, akarudi akamkuta Baragumu ameangukia pasi ya moto. Kovu lilianza kwenye kiwiko likaishia kwenye kifundo cha mkono, limekunjamana kama mshono uliovutwa vibaya. Tangu siku ile Dada hakusafiri, hakuolewa, na kwa kadiri watu walivyokumbuka, hakuwahi hata kuugua. Nafasi haikuwepo.

Vidonge walibadilisha mpaka majina yakawaisha mdomoni. Kila kipya kilifanya kazi kwa muda, halafu kifafa kikakizoea kama mpangaji anavyozoea kelele za jirani. Mwishowe wakapelekwa kwa daktari wa ubongo kwenye hospitali kubwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na jambo la kuwaeleza.

"Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna kitu kinaitwa thalamasi," alisema daktari. "Ni kama yai la njiwa hivi. Habari karibu zote za ubongo hupita hapo zikienda na kurudi. Kifafa chako nacho kikianza kusambaa, hapo ni njia yake. Tutapitisha nyaya mbili nyembamba kwenye fuvu mpaka hapo. Tutaziteremsha chini ya ngozi, nyuma ya sikio, kwenye shingo, tuziunge na betri itakayokaa hapa chini ya mtulinga. Betri itatuma umeme kidogo, ipumzike, itume tena, mchana na usiku. Kifafa kikija kitakuta njia ina vurugu."

"Kwa hiyo unaniwekea trafiki kichwani," alisema Baragumu.

"Tuseme hivyo."

"Umchague vizuri, daktari. Nisije nikaletewa anayekula rushwa ya kifafa."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena na kusema yale ambayo Dada alikuja kuyakumbuka neno kwa neno. Kwamba si dawa ya kuponya. Kwamba wengi huanguka mara chache zaidi, nao si mara moja, huchukua miezi. Kwamba wapo wanaopata shida ya kumbukumbu, na wapo wanaoingiwa na huzuni. "Huzuni ikiingia mniambie. Msikae nayo ndani. Mashine inapangwa, inapanguliwa."

"Huzuni?" Mama alipiga paja lake. "Daktari, mtoto huyu huzuni akikutana nayo njiani ataiuzia sketi."

Wakacheka wote. Hospitali ilikuwa katika utafiti na haikudai kitu. Baragumu akanyolewa nywele, akafungwa kichwa kwenye fremu ya chuma, akatobolewa, akashonwa. Dada alipoziona zile nyuzi kichwani, jambo la kwanza lililomjia ni kwamba aliyeshona ana mkono mzuri.

Mashine ilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walisema mengi. Kuanguka kulipungua, kukapungua tena, mpaka ikawa msimu mzima unapita Kipa hajadaka kitu. Dada akaanza kujifunza vitu ambavyo watu wengine walizaliwa wakivijua. Kwenda chooni bila kuita mtu wa kukaa mahali pake. Kulala amegeukia ukutani. Alikwenda peke yake kununua uzi, akazunguka mtaa kwa makusudi, akasimama kutazama watu wanapaka nyumba rangi. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi.

Hakuuliza kilichokuwa kinavuja.

Utani ndio uliotangulia kuondoka. Kisha ile tabia ya kuimba anapofua. Kisha ugomvi: Baragumu aliyekuwa akibishana na redio sasa aliambiwa hili na lile akaitikia "sawa." Na hapa ndipo wote walipokosea, kosa ambalo pengine wangelifanya watu wa nyumba nyingi. Mwanamke akiacha kula watu huuliza ana nini. Akiacha kulala watu huuliza. Akiacha kusema, watu humpongeza mama yake.

"Ametulia," alisema Mama kwa majirani.

"Ametulia kama mke wa mtu," alisema Shangazi, dada wa marehemu baba yao, ambaye hakuwahi kuona kimya asikitafutie bwana. Na kweli bwana akapatikana: mjane mwenye duka la vigae, mtu safi, aliyekuwa akimtazama Baragumu kwa mbali miaka mingi. "Uso wake aliupenda siku zote," Shangazi alieleza. "Alichokuwa anaogopa ni kifafa na mdomo. Sasa vyote vimepoa. Mwanangu, unasemaje?"

"Sawa," alisema Baragumu.

Mama akapiga vigelegele. Dada alimtazama mdogo wake, mwanamke aliyewahi kubishania bei ya jeneza la baba yao mpaka fundi akaongeza vipini vya bure.

Kliniki iliyofuata, daktari aliunganisha kompyuta yake na ile betri, akasoma, akauliza, "Na hali ya moyo?"

"Ametulia, daktari," alisema Mama.

Daktari akamtazama Baragumu. Baragumu akasema hajambo. Daktari akamtazama Dada. Dada akatazama sakafu.

*

Jumapili moja mchana walikuwa uani wanafua nguo za robota jipya. Dada anasugua, Baragumu anasuuza. Shati moja lilizunguka kwenye mikono ya Baragumu muda mrefu, linazamishwa, linainuliwa, linazamishwa.

"Limetakata hilo," alisema Dada.

"Ee." Hakuliacha. "Dada."

"Naam."

"Utani unakuja, unajua. Nausikia kabisa unakuja. Ukifika mlangoni unarudi."

Dada aliacha kusugua.

"Chakula kina ladha ya maji," Baragumu aliendelea, polepole, kama mtu anayebeba ndoo na kuitua kila baada ya hatua. "Maji yana ladha ya maji. Watu wakinisemesha nawasikia kutoka chumba cha pili. Zamani nilikuwa naanguka, halafu naamka. Sasa sianguki. Ila na kuamka siamki."

"Kwa nini hukumwambia daktari?"

"Kule kusema kwenyewe. Nikifika pale naona mlima." Akaliangalia shati kana kwamba limewekwa mikononi mwake na mtu mwingine. "Kuna asubuhi nakaa kitandani nawaza, hivi nikiendelea kukaa hapa itakuwa nini? Jibu halinitishi. Hilo ndilo linalonitisha kidogo. Useme wewe, Dada. Mimi siwezi."

"Nitasema."

Alisema hivyo bila kusita, na alikuwa na nia. Lakini katikati ya juma alifika kibandani msimamizi wa kiwanda cha kushona sare katika mji mwingine. Alikuwa amenunua suruali pale, ameigeuza ndani, ameona ilivyopunguzwa, na amerudi kumtafuta mwenye mkono. Alitaka mkataji. Si mshonaji: mkataji, mtu wa kusimama kwenye meza ndefu na kukata vitambaa tabaka juu ya tabaka, penye mshahara na chumba cha kulala.

"Una familia inayokuzuia?" aliuliza.

Dada alimtazama Baragumu aliyekaa kimya kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Kwa mara ya kwanza maishani aliweza kujibu, "Hapana."

"Basi nakuwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi ujao."

Tangu hapo Dada alitembea na vitu viwili kifuani visivyopatana. Akisema kwa daktari, umeme utapunguzwa. Umeme ukipunguzwa, kifafa kitarudi. Kifafa kikirudi, Kipa atarudi golini, na safari hii mpaka kufa. Na asiposema? Asiposema, mdogo wake ataolewa na mwenye vigae, atakaa sebuleni amenyooka, na kila mgeni atasema ametulia. Hata yeye mwenyewe Baragumu hatalalamika. Huo ndio ulikuwa ubaya wake: ulikuwa uovu usio na mlalamikaji.

Siku ya kliniki ikafika. Mama alivaa kitenge chake cha heshima, kwa kuwa baada ya hapo walitaka kupita kwa Shangazi kupanga siku ya posa. Daktari akaunganisha, akasoma, akauliza swali lake. Mama akavuta pumzi ya kujibu.

"Hajatulia," alisema Dada.

"We!" Mama aligeuka.

"Hajatulia, daktari. Anazama. Hacheki, hagombi, hataki kitu. Ananiambia akikaa kitandani anajiuliza itakuwaje akiendelea kukaa hapo, na jibu halimtishi. Tangu tuanze kuja hapa tunakudanganya."

"Unataka nini wewe?" Mama alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto amepata nafuu, amepata mchumba, unataka aanze tena kutoa povu mbele za watu?"

Daktari hakumjibu Mama. Alisogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Baragumu, akamuuliza maswali kwa utaratibu, mengine magumu, na Baragumu akajibu kwa kichwa: ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Halafu daktari akasema, "Naweza kupunguza mkondo, na naweza kuhamisha sehemu ya waya inayotoa umeme. Nitakupa na dawa ya huzuni, na utakuja kuongea na mwenzangu kila wiki. Lakini sitakuficha. Huenda ukaanguka zaidi ya sasa. Wewe unataka?"

Mtu alipita nje anasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu.

"Nataka kutaka kitu, daktari," alisema Baragumu.

Daktari akabonyeza, akabonyeza tena.

Mama hakusema na Dada njia nzima. Kwa Shangazi hawakupita.

*

Furaha ya Baragumu ilirudi kama maji ya bomba baada ya mgawo: kwanza upepo, kisha matone. Siku moja Mzee wa Mikanda alikuwa anajisifu kwamba ngozi zake ni za ng'ombe halisi. Baragumu akanyanyua mkanda mmoja, akauchungulia, akasema, "Huyu ng'ombe alizaliwa kwenye kiwanda cha ndoo." Mzee wa Mikanda aliduwaa. Halafu akacheka mpaka akakohoa, akaizima redio yake mwenyewe.

Dada aliinamia cherehani. Hakutaka watu waone uso wake. Wiki hiyohiyo alimdaka mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na mikono ilikumbuka.

Kiwandani hakupeleka jibu. Muda aliopewa ulikuwa bado haujaisha.

Kuhusu posa, Mama na Shangazi walikubaliana kwamba lisemwalo na daktari halina haja ya kufika kwa mwenye vigae. Wageni wakaja: kaka wa bwana, mke wa kaka, na wazee wao wawili wa ukoo, wamejaa sebuleni magoti yakigusana, viatu vimepangwa mlangoni. Mwenye vigae mwenyewe hakuja. Dada alikuwa jikoni anamimina chai. Kati ya jikoni na sebule palikuwa na pazia, na kati ya sebule na ua palikuwa na ngazi ya saruji, mlango wazi kwa ajili ya joto.

"Tumesikia," alisema kaka wa bwana kwa sauti ya mkutano, "kwamba humu kuna binti mtulivu."

"Mmesikia vibaya," alisema Baragumu.

Dada aligandisha birika hewani.

"Mwanangu!" alisema Shangazi.

"Shangazi, niache ninadi bidhaa yangu mwenyewe, wewe utaniuza kwa hasara." Sauti ilikuwa imesimama; na miguu pia, maana kigoda chake cha mlangoni kililia chini yake. "Sikilizeni, jamani, karibuni, msisukumane! Leo tunafungua robota! Mke huyu hapa, ametumika kidogo, amefuliwa vizuri, ana kovu moja la pasi, halionekani akivaa mikono mirefu. Ana betri! Wangapi mna mke mwenye betri? Umeme wa mtaa mzima ukikatika, nyinyi mnamchomeka redio!"

Mtu alicheka, mwanamke, mke wa kaka. Kisha mzee mmoja akaangua kicheko cha tumbo, na kaka wa bwana, aliyekuwa amekuja na hotuba, akashindwa kuizuia midomo yake. Nyuma ya pazia Dada alikuwa anacheka na kulia. Alipanga vikombe kwenye sinia, akalinyanyua.

"Ana mdomo, sitawaficha! Lakini mdomo huu umelisha nyumba. Akikununia utajua, akikupenda mtaa utajua. Mwambieni bwana wenu avunje vigae vyake aje mwenyewe kubishana bei! Nani anaanza? Baba pale, mwenye kofia, usijifanye unasinzia, nimekuona! Anza wewe! Anza, anza, anza, anza, anza..."

Sebule nzima ikacheka kwa nguvu zaidi. Mzee mwenye kofia akainua mkono kama mnunuzi. "Naanza!" alisema.

Dada alikuwa ameshapita pazia, sinia mikononi, chai inafuka. Aliyaona macho ya mdogo wake juu ya vichwa vya wageni. Mbele yake palikuwa na meza ndogo na magoti ya watu. Angeweza kulitupa sinia. Lakini kulikuwa na wageni, wageni wa posa, chai ni ya moto, na tangu utotoni amefundishwa kwamba sinia la wageni halitupwi. Aliinama, akaliweka mezani. Hata kikombe hakikumwagika. Alipoinuka, Baragumu alikuwa ameshapinduka nyuma kutoka kwenye kigoda, nje ya mlango, na ubavu wa kichwa, nyuma ya sikio, ulikuwa umegonga ukingo wa ngazi.

Wageni walivaa viatu vyao upesi. Mke wa kaka peke yake ndiye aliyebaki kusaidia kumgeuza.

*

Mfupa haukuvunjika. Ngozi ndiyo iliyopasuka, pale waya ulipopita, na ikashonwa. Baada ya siku kadhaa mshono ukawa mwekundu, ukavimba, ukatoa usaha. Walimwekea dawa ya mshipani. Usaha ukaendelea.

"Vijidudu vimeufuata waya," daktari aliwaambia kwenye korido. Alionekana hajalala. "Nikiiacha mashine, vitapanda mpaka kwenye ubongo. Lazima nitoe vyote. Nyaya na betri."

"Utamrudishia lini?" aliuliza Dada.

"Baadaye sana, kama kidonda kitaruhusu na kama nitapata mashine nyingine. Huenda isiwezekane. Sitaki kuwaahidi."

Daktari alipoondoka, Mama alisimama mbele ya Dada. Alikuwa mfupi, na wakati ule alionekana mfupi zaidi.

"Umefurahi?"

"Mama."

"Alikuwa ametulia."

"Alikuwa anazama, Mama. Alikiri mwenyewe mbele ya daktari."

"Basi angezama akiwa na mume!" Mama alipiga kelele, na muuguzi akachungulia kutoka chumba cha dawa. "Angezama akiwa na nyumba, na kichwa kizima! Wewe umefungua mdomo wako na sasa hana mashine, hana bwana, ana kifafa chake kama alivyozaliwa nacho. Hicho ndicho ulichompa."

Sehemu kubwa ya maneno yale ilikuwa kweli.

Baada ya upasuaji wa kutoa, Baragumu alilala amefungwa bendeji kichwani na kifuani. Midomo ilikuwa imekauka. Dada alikuwa anaipaka mafuta kwa kidole pale mgonjwa alipofungua jicho moja.

"Kipa," alisema kwa sauti ya mchanga.

"Naam."

"Umefungwa."

Dada akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda. "Niliweka sinia. Nilikuona, nikaweka sinia kwanza."

"Nimeambiwa. Shangazi anakusifu. Anasema hata kikombe hakikumwagika."

Ilikuwa ni utani, na ulifika mpaka mwisho, haukurudia mlangoni. Ndiyo maana uliuma vile.

"Nisingesema kwa daktari, ungekuwa na mashine yako," alisema Dada.

"Ningekuwa nayo. Na yule bwana angekuwa ameongeza kigae kimoja nyumbani." Baragumu alifumba jicho, akapumzika, akalifungua. "Mwezi unaisha lini?"

"Mwezi gani?"

"Usijifanye. Kiwanda. Mzee wa Mikanda hana kifuniko kinywani."

"Siendi. Nikienda nani atakudaka?"

"Hakuna." Alisema bila huruma, kwake wala kwa dada yake. "Ndiyo hivyo, hakuna. Ulikuwepo, karibu kiasi cha kunigusa, na nimeanguka. Nitaanguka ukiwepo, nitaanguka usipokuwepo. Tofauti ni kwamba ukiwepo tunaanguka wawili. Nenda, Dada. Usinifanye niwe na deni la maisha yako pia, sina pa kulilipia."

"Na ukifa?"

"Nikifa utasikia. Mimi sina kimya."

*

Dada alikwenda. Mama hakutoka kumsindikiza.

Kiwandani meza ilikuwa ndefu, taa nyeupe, na sauti za mashine za kushona zilijaa ukumbi mpaka mtu asikie mwili wake wenyewe ukitetemeka. Kazi aliiweza. Alichora kwa chaki, akabana tabaka kwa vibanio, akakata mikono, kola, migongo ya watoto wa shule asiowajua. Mchana wa mapumziko alimpigia simu Mzee wa Mikanda, naye alimwambia kila kitu hata kile asichoulizwa. Kwamba anauza tena. Kwamba watu wamerudi. Kwamba juzi alianguka wakamdaka, jana alianguka wakachelewa, jino la mbele limetoka na tayari amelitungia hadithi. Kwamba wenye vibanda wamepanga zamu ya kukaa karibu naye, ila unajua watu, mteja akija zamu inasahauliwa.

"Na Mama?"

"Anapita. Anakaa kwenye cherehani yako. Hashoni. Anakaa tu, ameshika mto."

Alasiri moja wapakuzi walikuwa wanaingiza vitambaa. Jora zito la rangi ya kijani lilikuwa limesimamishwa vibaya kwenye ukuta nyuma yake. Liliteleza.

Dada hakuliona. Alisikia tu kitu chenye uzito wa mtu kinaondoka mahali pake. Mkasi mkubwa wa kiwanda ulimtoka mkononi, ukaruka, ukagonga nguzo. Aliufikia ukuta bila kujua namna alivyoufikia. Na jora lilipofika chini lilimkuta amepiga magoti, mikono yote miwili chini yake, saruji imemchubua vifundo.

Kisha wakataji wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akapiga makofi.

"Mwenzetu ulicheza mpira?"

Msimamizi alikuja na mkasi uliovunjika ncha. "Una nini wewe? Ni kitambaa. Kingeanguka tu."

"Ndiyo," alisema Dada.

"Basi kiachie."

Alijaribu. Mikono haikufunguka upesi. Wawili wakaja kumsaidia, mmoja akashika kichwani mwa jora, mwingine miguuni, wakaliinua kutoka mapajani mwake na kulisimamisha ukutani.